Kuku akitaka kuatamia wakati wa baridi: umwache au umkatize?

Kuku wa kienyeji hasomi kalenda. Akishataga mayai yake 12 au 15 atalala juu yake, hata kama ni Julai na ukungu wa Molo, huko Kenya, haujainuka hadi saa nne asubuhi. Anayepaswa kuisoma kalenda ni mfugaji. Uamuzi wa kumwacha aatamie au kumkatiza hufanywa katika siku 3 za kwanza. Ukisitasita wiki nzima, utakuwa umekosa mayai ya kuuza na vifaranga pia huna.

Jambo moja lieleweke mapema. Baridi ya nyanda za juu za Nakuru haiharibu mayai yaliyo chini ya kuku mwenye afya. Mayai hayo hukaa kwenye nyuzi joto 37 hadi 38, nje kuwe na nyuzi 8 au 25. Hasara huingia kwingine: unyevu kiotani, upepo unaopita chini ya mlango, na zaidi ya yote wiki ya 2 hadi ya 4 baada ya kuanguliwa. Wakati huo vifaranga ni wakubwa mno kuenea wote chini ya mama yao, lakini manyoya yao bado hayajatosha kuwakinga.

Hakikisha kweli anaatamia

Kuku anayetaga hukaa kiotani kwa muda, akimaliza anatoka akipiga kelele mtaa mzima usikie. Anayetaka kuatamia habanduki. Ukimkaribia anavimba, anatoa sauti ya chini iliyokatikakatika, na ukipeleka mkono anadona. Kinyesi chake hubadilika pia: badala ya vidogo vidogo kutwa nzima, hutoa kimoja kikubwa chenye harufu kali anapotoka kula. Mwinue taratibu umtazame tumboni. Utaona kiraka cha ngozi kisicho na manyoya, na ukikigusa kina joto.

Jaribio la mwisho ni la usiku. Nenda bandani saa mbili na tochi. Akiwa kiotani na wenzake wako kwenye fito za kulalia, kwa usiku 2 mfululizo, huyo anaatamia. Hadi hapo asiwe na mayai halisi. Muwekee mawili au matatu ya kuchemsha yaliyotiwa alama, uyaondoe baadaye.

Kama kuku wako ni wa kienyeji walioboreshwa, kama wale wa KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo Kenya) Naivasha, au Kuroiler, aina ya chotara, hamu ya kuatamia kwao ni ndogo, na hata akianza huenda akaondoka katikati. Mayai yao mpe kuku wa kienyeji halisi ayaatamie.

Hesabu tarehe kabla ya kuweka mayai

Yai la kuku huanguliwa siku ya 21. Mayai yaliyowekwa tarehe 10 Juni yatatoa vifaranga tarehe 1 Julai, na zile wiki 3 za hatari zitaangukia Julai yenyewe. Yaliyowekwa tarehe 25 Julai yataanguliwa 15 Agosti, na vifaranga watafikisha mwezi mmoja katikati ya Septemba kukiwa na jua.

Kwa hesabu hiyo pekee mtu angesema kila kuku wa Juni akatizwe. Lakini kuna Krismasi. Jogoo wa kienyeji huhitaji karibu miezi 6 kufikia uzito ambao mnunuzi hatabishana nao. Aliyeanguliwa 1 Julai atakuwa na wiki 25 ifikapo sikukuu. Aliyeanguliwa katikati ya Agosti atakuwa na wiki 19, na bei yake itakuwa ya kuku mdogo. Ndiyo maana wafugaji wa Njoro na Elburgon hawaachi kuatamisha Juni.

Ushauri wetu: kuku mmoja au wawili walio hodari, walioshawahi kulea, waache. Matembe wanaoatamia kwa mara ya kwanza, waliokonda, na wale ambao banda lao linavuja, wakatize. Kisumu na Ahero, ambako ni chini zaidi na usiku si wa baridi kali, kizuizi hiki hakipo. Huko atamisha wakati wowote ulio na nafasi.

Kumkatiza bila kumuumiza

Hamu ya kuatamia huendeshwa na homoni inayoitwa prolaktini, na kinachoichochea ni ngozi ya tumbo kugusa mayai na joto la kiota. Mnyime vyote viwili na hamu itashuka yenyewe.

1. Tengeneza kizimba cha sentimita 60 kwa 60, kimo 50. Sakafu iwe ya waya wenye matundu ya nusu inchi, bila nyasi wala gunia. Kiinue nusu mita kutoka chini ili hewa ipite tumboni mwake.
2. Kiweke ndani ya banda, mahali penye mwanga. Hewa ya chini tunaitaka, mvua na upepo wa moja kwa moja hatuvitaki. Weka kijiti kinene cha kutua, unene wa mpini wa jembe, asilale bapa juu ya waya usiku wa baridi.
3. Mpe chakula cha kawaida na maji kutwa. Kumshindisha njaa humchelewesha kutaga tena, basi.
4. Mtoe asubuhi ya siku ya 4 na umfuate kwa macho. Akienda kuchakura na wenzake, amepona. Akikimbilia kiotani, mrudishe siku 2 nyingine.
5. Wakati huo okota mayai ya banda zima mara 2 kwa siku, kwa sababu rundo la mayai humshawishi jirani yake naye alale.

Ukimkatiza mapema, tarajia yai la kwanza baada ya wiki 2 hivi, pengine 3. Ukingoja hadi ameatamia siku 10, itachukua muda zaidi.

Kuna mbinu mbili za kuachwa kabisa. Kumchovya kwenye ndoo ya maji baridi mwezi wa Julai ni kumtafutia mafua: manyoya ya kifuani hayakauki hadi jioni, na kuku analala amelowa. Kumpitisha unyoya puani nako huacha kidonda, na kuku anayevimba uso hatatagia mtu yai.

Kiota cha msimu wa baridi

Sanduku la sentimita 35 kwa 35, kimo 30, linatosha. Karai kuukuu pia linafaa ukilijaza vizuri. Liweke juu ya matofali 2 au kipande cha mbao, kamwe si juu ya saruji. Saruji hunyonya joto kutoka chini usiku kucha, na mayai ya katikati ndiyo huanza kupoa.

Chini kabisa weka majivu makavu yaliyochekechwa, kina cha sentimita 2. Gorogoro moja, yaani mkebe wa kupimia nafaka, linatosha sanduku hilo. Juu yake tandika kipande cha gunia, kisha nyasi kavu za sentimita 8 hadi 10, uzibonyeze katikati ziwe kama bakuli pana. Bakuli likiwa refu sana mayai hupandana, likiwa bapa hubingirika hadi pembeni na kupoa. Nyasi mbichi usitumie, zinaota ukungu.

Angalia paa. Mvuke wa kuku hugeuka matone chini ya bati alfajiri, na kiota kilicho wima chini ya boriti hudondokewa kila siku bila mtu kujua. Weka ubao wa kufunika juu yake. Tundu la hewa liwe juu ya kichwa cha kuku, lisiwe usawa wa miguu, na usizibe banda lote kwa magunia kwa kuogopa baridi. Banda lisilopumua hujaa harufu ya kinyesi cha kuku inayochoma macho, maranda hulowa, na hapo ndipo magonjwa huanzia.

Jioni kabla ya kuweka mayai, mpake kuku unga wa kuua chawa na utitiri kutoka agroveti (duka la dawa za mifugo): chini ya mabawa, shingoni, na kuzunguka mkundu. Rudia baada ya siku 8 hadi 10, kwa sababu mayai ya wadudu hayafi mara ya kwanza. Siku 3 za mwisho usipake kitu. Viroboto walioganda usoni wapake mafuta mazito ya kujipaka ngozi, watakosa hewa na kuanguka. Kuku anayewashwa usiku husimama, na kila anaposimama mayai hupoa. Vifaranga wengi wanaosemekana kuuawa na baridi waliuawa na utitiri.

Kakamega na Vihiga kuna adui mwingine: siafu. Kuku anayeatamia hakimbii haraka, na msafara mmoja wa usiku unaweza kummaliza pamoja na vifaranga wanaotoboa maganda. Kiota kiwe juu ya meza yenye miguu iliyosimama ndani ya mikebe ya mafuta machafu ya gari, na meza isiguse ukuta.

Mayai mangapi, na yapi

Kuku wa ukubwa wa kati huatamia mayai 12 au 13. Msimu wa baridi, Nakuru kwenda juu, mpe 8 hadi 10. Yai la pembeni likibaki nusu nje, halifi peke yake. Kuku huyazungusha mayai kila mara, kwa hiyo leo linapoa hili, kesho lile, na mwishoni unaangua 4 kati ya 14. Hakikisha usiku kwa tochi: ukiona yai linachungulia chini ya manyoya, ondoa moja.

Chagua mayai ya siku 7 kushuka chini, ya ukubwa wa kawaida, yasiyo na ufa, kutoka kundi lenye jogoo mmoja kwa kuku 10. Yatunze mahali pa ubaridi wa wastani, ncha kali ikiangalia chini. Friji hapana. Usiyaoshe, kwa kuwa maji huondoa utando unaozuia vijidudu kupita kwenye ganda. Yaliyochafuka sana yaliwe nyumbani. Andika tarehe kwa penseli kila yai, ili kuku mwingine akija kutaga humo ulitambue lake na kuliondoa siku hiyo hiyo.

Weka mayai yote kwa pamoja, usiku. Kama unamhamisha kuku, mhamishe usiku pia, umlaze juu ya yale ya kuchemsha, na ukiona ametulia kutwa nzima ndipo ubadilishe jioni.

Siku 21

Siku 3 za kwanza usimsumbue. Chakula na maji viwe hatua moja kutoka kiotani: mahindi yaliyovunjwa, mtama au ngano. Nafaka humshibisha muda mrefu na kinyesi chake huwa kikavu. Maji ya asubuhi yawe vuguvugu. Atakula kidogo kuliko kawaida na kupungua uzito, hilo ni la kawaida.

Kuku mzuri hutoka mara moja kwa siku, dakika 10 hadi 30. Wakati wa baridi msaidie achague adhuhuri: funga mlango wa chumba chake asubuhi, fungua saa sita hadi saa nane. Asiyetoka kabisa kwa siku nzima umnyanyue mwenyewe, kwanza ukipapasa chini ya mabawa, kwani mara nyingi yai hunaswa hapo na kuanguka.

Ukikuta ameyaacha mayai na yamepoa, usiyatupe kwa hasira. Kiinitete huvumilia saa kadhaa za ubaridi. Mrudishe kuku, au uyahamishie kwa mwingine anayeatamia, upime baada ya siku 4.

Kupima ni siku ya 8, usiku, kwa tochi ya simu. Ziba tochi kwa kadibodi yenye tundu dogo na uegemeze upande butu wa yai. Yai hai lina doa jeusi na mishipa iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Lililo jeupe tupu halikuwa na mbegu. Lenye duara la damu lilikufa. Rudia siku ya 14: zuri ni jeusi karibu lote, na nafasi ya hewa upande butu. Viza toa mara moja, kwa sababu likipasuka huchafua yote.

Baada ya siku ya 18 usiguse kitu. Kutoboa ganda hadi kutoka kwaweza kuchukua siku nzima, na kifaranga anayesaidiwa kabla ya damu kunyonywa kutoka kwenye utando huishia kuvuja. Wa kwanza hawahitaji chakula kwa siku 2, kiini cha yai kilichobaki tumboni kinawatosha, basi usimtoe mama kwa kuwahurumia. Mayai yaliyobaki siku ya 23 yafukie.

Vifaranga, hasa usiku wa wiki ya 3

Watengee mama na watoto kona ya mita moja kwa mita moja na robo. Tandaza kadibodi, kisha maranda makavu ya sentimita 8 hadi 10. Maji kwenye sahani isiyo na kina, utie vijiwe ili kifaranga asizame wala asilowe kifua. Chakula cha vifaranga cha dukani kiwe mahali mama hafiki: sanduku lenye vijiti vilivyoachana sentimita 5. Ukiruhusu mama, atamaliza yeye. Vifaranga 8 watakula takriban kilo 5 hadi 6 katika wiki 4 za kwanza.

Wiki ya kwanza mama anawatosha wote. Sasa nenda na tochi usiku wa siku ya 16, kisha wa 20. Mama amelala amevimba, mabawa yameachana na mbavu, na kuzunguka kingo utaona migongo: mitatu, minne, vichwa vimezama ndani, makalio nje. Hao wa nje ndio utakaowakuta wamelegea asubuhi. Watu husema ni ugonjwa na kununua dawa, kumbe ni uhaba wa nafasi chini ya mama.

Kinachosaidia ni sanduku la kulala. Chukua la sentimita 60 kwa 60, kimo 40, lenye mlango mdogo. Lizungushie ndani magunia yaliyojazwa nyasi kavu, na dari yake iwe blanketi kuukuu lililolegea hadi karibu na mgongo wa mama. Hewa kidogo iliyo ndani hupata joto upesi kutokana na miili yao. Acha matundu ya hewa juu pembeni. Kwa usiku mkali kabisa, weka kona moja jerikeni la lita 5 la maji moto, limefungwa vizuri na kuviringishwa gunia, saa tatu usiku, ubadilishe alfajiri.

Jiko la makaa ndani ya banda lililofungwa ni hatari. Moshi usioonekana wa makaa huua vifaranga, mama yao, na mtu anayelala chumba kile kile. Wengi magharibi huwalaza kuku jikoni, na joto la mafiga yaliyozimwa ni zuri, mradi mlango au dirisha lipitishe hewa.

Sikiliza badala ya kubahatisha. Vifaranga waliorundikana wakilia kwa sauti kali wana baridi. Waliotawanyika, midomo wazi, wamezidiwa joto. Walionyamaza wako sawa.

Mchana, usiwafungulie kabla ya umande kukauka, yaani saa nne au tano kule juu. Nyasi zenye umande huwalowesha tumbo, mama anaendelea kutembea kwa sababu yeye hasikii baridi, nao wanamfuata hadi mmoja anabaki nyuma. Warudishe saa kumi, kabla mvua ya jioni haijaanza. Mwewe na nguchiro hawana msimu.

Maranda yakague kila siku 2: fumbata konzi moja. Yakishikana kama ugali, badilisha. Koksidia, vimelea vya utumbo wa kuku, hustawi kwenye unyevu, na kati ya wiki ya 3 na ya 6 utaona mabawa yaliyoshuka na kinyesi chenye damu. Dawa ya amproliamu kwenye maji hutibu, lakini bila kuondoa maranda yale ugonjwa utarudi.

Chanjo ya Newcastle (kideri) ianze wiki ya 1 au ya 2, kwa tone la jicho, na ratiba ya chanjo za Gumboro, ugonjwa mwingine wa virusi wa kuku wachanga, na ndui uipate agroveti. Chupa huja na dozi nyingi, mara nyingi 50 au 100, nawe una vifaranga 8. Panga na majirani siku moja, ibebwe kwenye thamosi yenye barafu, na ikishachanganywa itumike ndani ya saa 2.

Katika sehemu za joto unaweza kumtenga mama wiki ya 6. Molo na Mau Narok ngoja ya 8. Mwondoe yeye usiku, vifaranga wabaki mahali wanapopajua. Atarudi kutaga baada ya wiki 2 hadi 4. Aliyeangua 1 Julai ataanza kujaza kiota tena mwishoni mwa Septemba, na akiachwa aatamie, vifaranga wake watatoka mwanzoni mwa Novemba, katikati ya mvua za vuli. Kabla ya hapo inua kiota tofali moja zaidi na ukague bati.